Muulize Mwalimu: Wagombea wa kiti cha maada ya giza

Toleo lililopita niliandika aya moja tu kuhusu maada ya giza nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza mzinga. Barua zimemiminika, na wengi wenu hamtaki tena kuambiwa kwamba ipo. Mnataka kujua ni kitu gani. Basi safu yote ya mwezi huu ni ya swali hilo. Barua nimezifupisha, majina nimeyahifadhi.

Kwa aliyekosa toleo lile: maada ya giza ni ile isiyoonekana, tunayoijua kwa mvutano wake tu. Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi California, alipima mwendo wa galaksi katika kundi la Coma akaona zinakwenda kasi mno. Kwa uzito wa nyota zinazoonekana, kundi lile lilipaswa kuwa limesambaratika zamani. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford wakakuta jambo la aina hiyohiyo ndani ya galaksi ya Andromeda: gesi ya pembezoni inazunguka kwa kasi ambayo nyota peke yake haziwezi kuizuia isitoroke. Setilaiti ya Planck ilipopima mwanga mkongwe kuliko wote, hesabu ikatoka hivi: maada ya kawaida ni asilimia 5 ya vyote vilivyomo ulimwenguni, maada ya giza asilimia 27 hivi. Kilichobaki ni nishati ya giza, na hiyo naomba msiniulize mwezi huu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita, PCM, Morogoro. Nimesoma kwamba Modeli Sanifu ya chembe, ile orodha ya chembe za msingi na kani zake, ilikamilika chembe ya Higgs ilipopatikana mwaka 2012. Kwa nini maada ya giza isiwe mojawapo ya zile chembe 17? Na kama haimo, modeli imekamilikaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako la pili ndilo tamu, ila tuanze na la kwanza, maana linajibika kwa kufuta majina ubaoni.

Chembe inayotaka kiti hiki ina masharti manne. Isiwe na chaji ya umeme, la sivyo tungeiona iking'aa au ikizuia mwanga. Isiwe ya kufa upesi. Miaka bilioni 13.8 imepita na bado ipo. Galaksi zilipoanza kujikusanya, iwe ilikuwa inakwenda taratibu. Na iwepo kwa kiasi kilekile kilichopimwa, si pungufu wala zaidi.

Sasa shika chaki. Kwaki, jamii ya chembe zinazounda protoni na nyutroni, zote sita zina chaji. Elektroni, muoni na tau zina chaji. W ina chaji. Z haina, lakini hufa papo hapo, na Higgs vilevile. Gluoni, zinazozigundisha kwaki, zimefungiwa ndani ya protoni na nyutroni. Fotoni ndiyo mwanga wenyewe. Ukiniambia "basi nyutroni, nayo haina chaji", itoe nje ya kiini cha atomu uone: kwa wastani robo saa haijaisha imeshavunjika kuwa protoni, elektroni na antinyutrino.

Zinabaki nyutrino, aina tatu. Hizi ziliwahi kupendwa sana, na si bure. Hazina chaji, hazifi, na zimejaa tele: kila sentimita ya ujazo ya anga, hata hapo ulipokaa, ina nyutrino zaidi ya 300 zilizosalia tangu mwanzo wa ulimwengu. Kinachoziangusha ni uzito. Jaribio la KATRIN huko Karlsruhe, Ujerumani, limeonyesha kwamba nyutrino haifikii nusu ya elektronivolti, kipimo tunachopimia uzito wa chembe, maana yake elektroni moja ni nzito kuliko nyutrino kwa zaidi ya mara milioni moja. Zijumlishe zote ulimwengu mzima, hupati hata sehemu ya nane ya kinachohitajika, na vipimo vya anga vinaibana hesabu hiyo zaidi. Tena kwa wepesi huo zilikuwa zikikimbia karibu na kasi ya mwanga. Vijichuguu vidogo vya maada ambavyo baadaye vilizaa galaksi zingevisawazisha vyote.

Kuhusu "kukamilika": modeli imekamilika kwa maana orodha yake yenyewe haina pengo tena. Haikuapa kwamba nje ya orodha hakuna kitu. Hata hao nyutrino wenyewe, ilipogunduliwa Japani mwaka 1998 kwamba wana uzito, modeli haikuwa na maelezo ya uzito huo.

Kwa hiyo karibu wagombea wote wa maana wanatoka kwenye nyongeza, yaani nadharia zilizobuniwa kuipanua Modeli Sanifu. Hapo niseme kipimo changu mwenyewe, maana kitarudi katika majibu yote: mgombea namheshimu kama alizaliwa kwa kazi nyingine. Kubuni chembe ya kujaza pengo ni rahisi. Ukiwa na kalamu na mchana mmoja unabuni tatu. Ila chembe iliyobuniwa kutatua tatizo lingine kabisa, kisha ikaonekana inafaa na hapa, hiyo naisikiliza.

SWALI: Mwalimu, kwa heshima zote. Nilisoma uhandisi miaka ya 1990, na tangu wakati ule tunaambiwa supasimetria iko mlangoni. Mmejenga mashine ya kilomita 27 pale CERN, maabara ya chembe ya Ulaya, mmepata Higgs, supasimetria hakuna. Sasa mnasema iko mbele kidogo. Hii ni sayansi au ahadi za kampeni? (Dar es Salaam)

JIBU: Ndugu mhandisi, umenichekesha na umenibana kwa pamoja. Mimi sikujenga mashine yoyote, ila nitajibu kwa niaba.

Kwanza kwa nini watu waliipenda. Ulimwengu ulipokuwa na joto kali, chembe nzito zenye mwingiliano hafifu, zile wanazoziita WIMP, zilikuwa zikizaliwa na kuangamizana kila wakati. Ulimwengu ukapanuka na kupoa, kuzaliwa kukakoma, kuangamizana kukaendelea kwa muda. Fikiria Kariakoo mkesha wa Idi: watu wamebanana, huwezi kupiga hatua bila kumgonga mtu. Usiku unapozidi na watu kutawanyika, waliobaki hawakutani tena. Ndivyo zilivyosalia chembe zile, zikawa mbali mbali mno kuweza kuangamizana. Sasa uliza: ili kibaki kiasi tunachokipima leo, kuangamizana kuwe na nguvu gani? Jibu linaangukia karibu kabisa na nguvu ya kani dhaifu, ileile inayoongoza unururifu wa beta. Hakuna aliyelipanga liangukie hapo.

Supasimetria nayo ilikuwa na shughuli zake. Inaipa kila chembe ya Modeli Sanifu mwenzake, na wenzake hao walitarajiwa kuzuia uzito wa Higgs usipande bila kikomo. Lakini wenzake wakiachwa huru, protoni ingevunjika haraka na sisi tusingekuwepo, hivyo ikawekwa kanuni ya kuwazuia, iitwayo usawa wa R. Kanuni hiyo, iliyowekwa kwa ajili ya protoni, ikaleta na matokeo mengine: mwenza mwepesi kuliko wote hana wa kumvunjikia, kwa hiyo hafi. Akiwa hana chaji, anaitwa nyutralino. Mgombea aliyezaliwa kwa kazi nyingine, kama ninavyopenda. Kupenda halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kutangaza tarehe ya harusi.

Lakini usiseme hakuna kilichofanyika. Nilipokuwa masomoni Trieste, Italia, kwenye kituo cha fizikia alichokianzisha Mpakistani Abdus Salam mwaka 1964, tulipelekwa Gran Sasso, maabara ya chini ya mlima katikati ya nchi hiyo. Basi linaingia handaki la barabara kuu, la kilomita 10, malori yanapita kando, halafu ndani ya mlima dereva anakata kona na mbele yako kuna lango. Juu ya kichwa una mwamba wa mita 1,400. Miale ya angani inayotusumbua huku juu inakomea karibu yote kwenye mwamba huo. Ndani kuna baridi na unyevu, tukavalishwa kofia ngumu. Kwenye ukumbi mmoja limesimama tangi la maji la kimo cha mita 10, na ubavuni mwake jengo la ghorofa tatu lenye kuta za kioo, limejaa mabomba. Hilo ndilo jaribio la XENON.

Katikati ya tangi kuna chombo chenye tani kadhaa za zenoni, gesi adimu, iliyogeuzwa kimiminika, nyuzi karibu 100 chini ya sifuri. Chembe ikikigonga kiini cha zenoni, mwanga hafifu unatoka. Elektroni zilizong'oka zinavutwa juu kwa umeme, na zikifika kwenye gesi iliyo juu ya kimiminika zinatoa mwanga wa pili. Muda kati ya mwanga huu na ule unakwambia mgongano ulitokea kina gani. Uwiano wa ukali wake unakwambia kama kilichogongwa ni kiini au ni elektroni. Mabomba niliyoyaona ni ya kusafisha. Kriptoni kidogo iliyojificha ndani ya zenoni, radoni inayovuja kwenye chuma, vyote hivyo vina mionzi na vinaweza kuigiza unachokitafuta. Uangalifu wao utaupima kwa jirani yao: jaribio la nyutrino liitwalo CUORE limejikinga kwa madini ya risasi yaliyotolewa kwenye meli ya Warumi iliyozama karibu na Sardinia miaka 2,000 iliyopita, kwa sababu risasi mpya ina mionzi yake na ile ya kale imeshaisha nguvu.

Kigunduzi kilichotangulia wenzake kwa sasa ni LZ, ndani ya uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Homestake, Dakota Kusini, Marekani, karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi, tani 7 za zenoni. Mwaka 2024 walitoa matokeo ya siku 280 za kusikiliza. Hakuna kitu. Kwa chembe yenye uzito wa mara 40 hivi ya protoni, eneo lake la kugongana na protoni haliwezi kuzidi sentimita za mraba sifuri nukta, kisha sifuri 47, ndipo namba 2. Mwaka 1987, katika mgodi huohuo, kigunduzi kidogo cha germaniamu kilikuwa kimeshaiangusha nyutrino nzito ya kawaida, mgombea aliyekuwa na wafuasi wake. Tangu hapo mstari umekuwa ukishuka tu, na kila uliposhuka kuna nadharia zilizokufa. Ahadi za kampeni hazifi hivyo.

Nani amekufa na nani mzima? Mwenza wa gluoni, katika modeli nyingi, ametafutwa hadi zaidi ya mara 2,000 ya uzito wa protoni, hayupo. Wino, yaani nyutralino iliyo mwenza wa W, iko taabani, na waliompeleka huko wako Afrika: darubini za H.E.S.S. kwenye nyanda za Khomas, Namibia, ambako kitovu cha galaksi yetu hupita juu sana angani. Wino wangekuwa wanaangamizana pale kitovuni na kutoa miali ya gama. Kama maada ya giza imejazana katikati kiasi ambacho hesabu nyingi zinaonyesha, miali hiyo ingeshaonekana. Aliyebaki mzima ni higsino, mwenza wa Higgs, mwenye uzito wa protoni elfu moja na ushee. Huyo CERN haina nguvu ya kumfikia na zenoni bado haijamgusa. Mimi nikilazimishwa kupiga kura ndani ya supasimetria, nampa yeye, bila shangwe.

Na kuna kikwazo kipya. Vigunduzi vimekuwa vikali kiasi kwamba mwaka 2024 XENONnT ya Gran Sasso na PandaX-4T ya China zilianza kuona dalili za nyutrino za Jua zikigonga viini. Kuanzia hapo kila hatua ni ya kutafuta mnong'ono ndani ya kelele.

Msomaji mwingine, wa Arusha, ameuliza habari za DAMA, wale wa Gran Sasso hukohuko ambao kwa zaidi ya miaka 20 wanasema wanaiona, ikipanda Juni na kushuka Desemba. Fuwele zao ni za iodidi ya sodiamu. Wahispania wa ANAIS na Wakorea wa COSINE wametumia fuwele za aina ileile na hawakuona kupanda na kushuka huko. Kwangu mimi faili limefungwa.

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Usinicheke. Kama kuna maada isiyoonekana, inayopita ukutani, na ni nyingi kuliko ya kwetu, haiwezi kuwa ndiyo majini? Na je, inapita na mwilini mwangu? (Pangani)

JIBU: Wa alaykum salaam. Sikucheki, umeuliza waziwazi wanachouliza wengi pembeni. Habari za majini zina wenyewe, nami si mmoja wao. Najibu upande wa maada tu.

Gesi ya kawaida inapojikusanya inapata joto, inang'aa, na kwa kung'aa inapoa. Ikipoa inajibana zaidi hadi inakuwa nyota, sayari, jiwe, mtu. Maada ya giza haing'ai, kwa hiyo haina njia ya kupoa. Inabaki wingu kubwa lililotawanyika kuizunguka galaksi nzima. Haijibani ikawa kiumbe chenye mkono, sembuse chenye hila. Kuna modeli zinazoruhusu sehemu ndogo yake kuwa na "mwanga" wake wa faragha na hivyo kupoa kidogo, lakini hata hizo hazikufikishi unakotaka.

Mwilini inapita, ndiyo. Kwa makadirio ya kawaida, ukikusanya maada yote ya giza iliyomo ndani ya Dunia nzima sasa hivi unapata zaidi kidogo ya nusu kilo. Kama kila chembe yake ina uzito wa protoni 100, basi kila lita ina chembe 3, na kwa kuwa Jua linatubeba kuizunguka galaksi kwa kilomita 220 hivi kwa sekunde, ukucha wako wa kidole gumba unapitiwa na makumi ya maelfu kila sekunde. Hazikudhuru. Tani 7 za zenoni hazijahisi hata moja.

SWALI: Mwalimu, mimi ni fundi redio na runinga, Mwanza. Shule nimesoma kidogo ila saketi nazijua. Kijana mmoja kaniambia Marekani wanatafuta maada ya giza kwa redio. Ananitania?

JIBU: Hakutanii, fundi, na barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote.

Ndani ya nyutroni kuna kwaki zenye chaji. Hesabu za kani kubwa inayozifunga zinaruhusu chaji hizo zikae upande upande, chanya zaidi huku na hasi zaidi kule. Watu wamepima kwa miongo mingi, na upande huo haupo. Namba moja ndani ya nadharia, ambayo ingeweza kuwa nusu au moja, inalazimika kuwa ndogo kuliko sehemu moja ya bilioni kumi. Kwa nini? Mwaka 1977 Roberto Peccei na Helen Quinn walipendekeza kwamba namba hiyo si namba ya kudumu, ni kitu kinachoweza kujisogeza chenyewe hadi sifuri. Mwaka uliofuata Steven Weinberg na Frank Wilczek, kila mmoja kivyake, wakaonyesha kwamba hilo likiwa kweli lazima kuwe na chembe mpya. Wilczek akaiita aksioni, jina la sabuni ya kufulia, maana ilisafisha doa. Miaka michache baadaye ikabainika kwamba kama ni nyepesi sana, mwanzo wa ulimwengu ungeiacha nyingi ya kutosha kuwa maada ya giza. Umeona? Ilizaliwa kwa kazi nyingine kabisa.

Sasa redio. Mwaka 1983 Pierre Sikivie alionyesha kwamba aksioni ikipita kwenye sumaku kali inaweza kugeuka fotoni. Fotoni hiyo ina masafa yanayotegemea uzito wa aksioni, na kwa uzito unaofikiriwa sana masafa hayo yanaangukia mamia ya megahezi, yaani UHF, palepale unapotuni antena za runinga. Jaribio la ADMX, Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ni silinda ya chuma iliyopakwa shaba, kimo karibu mita moja, ndani ya sumaku ya tesla 7 na zaidi, imepozwa hadi sehemu ya kumi ya digrii juu ya sifuri halisi. Ndani ya silinda kuna fito mbili za shaba. Ukizisogeza, masafa ya mwangwi wa silinda yanabadilika. Hiyo ndiyo tuning'i yao. Wanasogeza kidogo, wanasikiliza, wanasogeza tena. Nguvu ya ishara wanayoitarajia ni wati sifuri nukta kisha sifuri zaidi ya 20, kwa hiyo amplifaya ya dukani haifai kitu. Yao inatumia saketi za kwanta zinazofanya kazi kwenye baridi hiyohiyo. Wewe unayejua adha ya mkwaruzo kwenye hatua ya kwanza ya risiva utawaelewa kuliko maprofesa wengi.

Aksioni hizo ni nyepesi mno, basi ili zitimize uzito unaotakiwa lazima ziwe nyingi: trilioni 100 hivi katika kila sentimita ya ujazo. Hazihesabiki moja moja, ni wimbi.

Mwaka 2018, karibu na megahezi 896, pua na mdomo na masafa ya simu za GSM, walipata ishara. Wakairudia, ipo. Wakaipima tena, bado ipo. Kisha ikafunuliwa kwamba ni ishara bandia iliyopandikizwa kwa siri na wenzao wachache ili kupima kama timu inalala. Napenda nidhamu ya namna hiyo kuliko matangazo kumi ya ugunduzi.

Vipande vya kati ya megahezi 650 na 1,000 hivi wameshavisafisha kwa ukali unaotosha kusema aksioni ya aina zinazotarajiwa haimo humo. Korea Kusini na Chuo Kikuu cha Yale wanasaka juu zaidi, ambako silinda lazima iwe ndogo na kazi inakuwa ngumu. Sehemu kubwa ya utepe haijaguswa. Lakini ni utepe wenye mwanzo na mwisho, na ndiyo maana kura yangu ya kwanza iko hapa.

SWALI: Mwalimu, marehemu babu alikuwa akitusimulia maroketi ya Wataliano pale Ngomeni. Je, mambo yale yaliwahi kuhusiana na maada ya giza, au yalikuwa ya kijeshi tu? (Malindi)

JIBU: Yanahusiana, tena moja kwa moja. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri ya Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo NASA, akaiita Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza anga kwa eksirei peke yake, na ilichaguliwa ikweta kwa sababu huko roketi inasukumwa na mzunguko wa Dunia na obiti inakwepa eneo la mionzi lililo juu ya Atlantiki ya Kusini.

Uhuru iligundua kwamba makundi ya galaksi, likiwemo lile la Coma la Zwicky, yanatoa eksirei kutoka eneo pana, si nukta moja. Hiyo ni gesi ya nyuzi joto makumi ya mamilioni, na ina uzito kuliko nyota zote za kundi. Kuna waliotumaini kwamba ndiyo maada iliyokosekana. Haikutosha, hata kidogo. Badala yake ikawa shahidi: gesi ya joto hilo ingekimbia, isipokuwa kuna uzito mara kadhaa zaidi unaoishikilia.

Na eksirei zina mgombea wao. Katika Modeli Sanifu nyutrino zote ni za mkono wa kushoto, yaani zote hujizungusha upande mmoja. Ukiongeza za mkono wa kulia kueleza uzito wao, unapata nyutrino tasa, zisizogusa kani yoyote ila mvutano. Mmoja wao akiwa na uzito wa kilo-elektronivolti 7 anaweza kuwa maada ya giza, na mara chache sana atavunjika na kutoa eksirei ya nusu ya uzito huo. Mwaka 2014 timu mbili zikatangaza mstari wa eksirei wa 3.5, kwenye kundi la galaksi la Perseus na makundi mengine, na Andromeda. Watu waliruka. Mwaka 2016 Japani wakarusha Hitomi, setilaiti yenye macho makali zaidi; ilidumu angani mwezi na kidogo kabla haijazunguka ovyo na kusambaratika, lakini ilikuwa imeshaitazama Perseus, na mstari ule kwa ukali uliodaiwa haukuwepo. Uchambuzi wa mwaka 2020 wa anga tupu, mbali na makundi hayo, ambako wingu letu wenyewe lingetoa mstari huohuo, nao haukuona kitu. XRISM, mrithi wa Hitomi, iko juu tangu Septemba 2023. Nyutrino tasa kwa ujumla bado mgombea, ila ya 7 siwezi kuipigia debe.

SWALI: Kwa nini msikubali tu kwamba sheria ya mvutano ya Newton na Einstein ndiyo mbovu? (Bujumbura)

JIBU: Limejaribiwa, na wenye akili. Mordehai Milgrom alilipendekeza mwaka 1983, na ndani ya galaksi moja moja kanuni yake inafanya kazi vizuri kuliko wengi wanavyopenda kukiri. Kwenye makundi ya galaksi inapwaya, na kwenye mwanga mkongwe uliopimwa na Planck inahitaji viraka vingi. Historia imetupa majibu ya pande zote mbili: Urano ilipokwenda mrama, Le Verrier alisema kuna sayari isiyoonekana, na mwaka 1846 Neptuni ikapatikana. Zebaki ilipokwenda mrama akasema vilevile, na safari hiyo hapakuwa na sayari. Ilikuwa sheria, na Einstein akaibadilisha mwaka 1915. Mimi niko upande wa Neptuni kwa sababu ya makundi mawili ya galaksi yaliyogongana, yaliyopimwa mwaka 2006: gesi ilinasa katikati, lakini mvutano mkubwa uko pembeni, ulikokwenda na galaksi. Kubadilisha sheria peke yake hakuhamishi uzito kutoka penye gesi nyingi kwenda pasipo na gesi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa kidato cha nne, Tabora. Naambiwa fizikia hii ni ya nchi za watu. Nikitaka kuifanya, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Chagua PCM, na hisabati usiiachie wavulana. Ukimaliza shahada ya kwanza, si lazima upande ndege ya mbali: Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, kuna tawi la kituo cha Trieste linalofundisha shahada ya uzamili ya fizikia. Kuna pia Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2010 na kuhamahama nchi hadi nchi. Mwaka 2016 ilikuwa hapohapo Kigali.

Lakini usisubiri. CERN imeweka sehemu ya data zake wazi kwa mtu yeyote, bure, pamoja na mazoezi ya kuanzia. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu, likizo hii, pakua fungu dogo la migongano inayotoa fotoni mbili, kwa nishati zake na pembe iliyo kati yake ukokotoe uzito wa kitu kilichozizaa, na uchore mwenyewe. Ukifanya sawasawa, kwenye giga-elektronivolti 125 utaona kichuguu kidogo. Hicho ni Higgs. Ukikwama kwenye kusakinisha programu niandikie, na utaje kompyuta yako inatumia mfumo gani.